TUSOME PAMOJA: Je, Hamu Alilaaniwa?

Kama ilivyo desturi ya ukurasa huu, mwezi huu pia twatwaa andiko moja tulichungue pamoja nanyi, ninyi mlio nyumbani na watoto wenu, na ninyi waalimu mnaosimama mbele ya wakatekumeni. Andiko tulilolichagua ni habari ya Nuhu na wanawe, katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 9, tangu mstari wa 20 hata wa 27. Wengi hulipita upesi kwa sababu ya aibu iliyomo. Wengine wamelitumia kama fimbo ya kuwapigia wenzao.

Twalitwaa kwa sababu ya swali linaloulizwa mara kwa mara katika madarasa ya mafundisho, hasa na vijana waliokwisha kujua kusoma. Huuliza hivi: "Mwalimu, ni kweli ya kwamba sisi watu weusi tu uzao wa Hamu, na ya kwamba Mungu alitulaani tuwe watumwa wa wengine?" Mmoja amelisikia njiani, mwingine kazini, mwingine amelisoma mahali. Swali hili si la mchezo. Kijana aulizaye hivyo hatafuti elimu ya nasaba. Ataka kujua kama Baba yake aliye mbinguni alimkataa kabla hajazaliwa. Mwalimu akibabaika au akinyamaza, kijana atajijibu mwenyewe, na jibu lake laweza kuwa, Naam, tumelaaniwa. Basi yatupasa kumjibu, wala si kwa hasira, bali kwa kukifungua kitabu.

Andiko lenyewe

Nuhu alipotoka katika safina alikuwa mkulima, akapanda mizabibu. Akanywa divai, akalewa, akalala hemani mwake bila nguo. Hamu akauona utupu wa baba yake, akatoka nje akawaambia ndugu zake wawili. Shemu na Yafethi wakatwaa nguo, wakaenda kinyumenyume wasije wakamtazama, wakamfunika baba yao. Nuhu alipolevuka akajua alilotendewa, akatamka laana.

Sasa tuangalie neno kwa neno. Laana ile ilitamkwa juu ya nani? Juu ya Kanaani, mwana wa Hamu. Hamu mwenyewe hakulaaniwa. Someni tena na tena, hamtaona mahali Nuhu alipomlaani Hamu. Tena katika sura ya 10, mstari wa 6, twaambiwa ya kwamba Hamu alikuwa na wana wanne: Kushi, Misri, Putu na Kanaani. Laana yamtaja mmoja tu, watatu hawamo. Na hao watatu ndio watajwao tangu zamani kuwa baba za mataifa ya Afrika: Kushi ni nchi iliyo kusini ya Misri, iliyoitwa pia Nubia, Misri ni Misri, na Putu wengi huihesabu kuwa upande wa Libya. Wana wa Kanaani nao wametajwa katika sura ile ile ya 10, pamoja na mipaka yao tangu Sidoni hata Gaza, yaani nchi waliyokuja kuikaa Waisraeli baadaye. Basi hata mtu akitaka sana laana ile ifuate damu, haifiki Afrika.

Jambo la pili: ni nani asemaye? Katika mistari ile Mungu hasemi neno. Asemaye ni Nuhu, tena ni Nuhu aliyeamka katika ulevi wake. Mungu alikwisha kusema mwanzo wa sura hiyo hiyo ya 9, akawabariki Nuhu na wanawe wote, na Hamu akiwamo. Balaamu naye alipoajiriwa awalaani Israeli alikiri ya kwamba hawezi kumlaani mtu ambaye Mungu hakumlaani. Haifai basi kuyachukua maneno ya mzee mwenye uchungu na kuyaita amri ya Mwenyezi Mungu.

Jambo la tatu: habari nzima haina neno lolote juu ya rangi ya ngozi. Weusi hautajwi, weupe hautajwi. Aonaye rangi pale ameileta mwenyewe.

Jambo la nne: andiko halituelezi kwa nini Nuhu alimlaani mjukuu kwa kosa la mwana. Wafasiri wengi wamejaribu kulijaza pengo hilo kwa hadithi zao. Lakini mahali Maandiko yaliponyamaza, fasiri iliyo njema haipayuki. Mambo mengi mabaya yaliyosemwa juu ya sura hii yalianza kwa watu waliotaka kujua zaidi ya yale waliyoambiwa.

Jinsi lilivyopotoshwa

Mtauliza, Kama mambo ni wazi hivi, neno hili lilienea kwa nini? Wahenga walisema, mwamba ngoma huvutia kwake. Awambaye ngozi juu ya mzinga wa ngoma huivuta upande wake mwenyewe. Ndivyo ilivyokuwa. Waliokuwa na watumwa weusi, au waliokula faida ya biashara ile, walitaka kusikia ya kwamba Mungu ndiye aliyeiamuru, wakalivuta andiko hata likafika walipotaka.

Jambo hili halikuwa la Wakristo peke yao. Waandishi wengi wa nchi za Waarabu walisimulia ya kwamba watu wa Sudani waligeuka weusi kwa laana ya Nuhu. Hata hivyo walikuwako wenye elimu miongoni mwao waliokataa. Ibn Khaldun, mzaliwa wa Tunis, alipoandika kitabu chake mwaka 1377, alisema ya kwamba rangi ya watu yatokana na joto na hewa ya nchi zao, wala haitokani na laana ile.

Kwa Wakristo fasiri hii ilipata nguvu nyingi huko Marekani, katika majimbo ya kusini yaliyolima pamba kwa mikono ya watumwa. Ilihubiriwa madhabahuni. Tena hawakupotosha kwa kuongeza maneno tu, walipotosha na kwa kupunguza. Mwaka 1807 kilichapishwa London kitabu cha sehemu za Biblia zilizochaguliwa kwa ajili ya watumwa wa visiwa vya Waingereza katika bahari ya Karibi. Karibu sehemu tisa katika kumi za Agano la Kale ziliachwa, na nusu ya Agano Jipya pia. Habari ya Waisraeli kutoka utumwani Misri haimo. Neno la Paulo kwa Wagalatia, ya kwamba katika Kristo hakuna mtumwa wala huru, halimo. Basi mtumwa aliyesomewa kitabu kile alisikia maneno ya Biblia kweli, lakini hakuisikia Biblia.

Tuangalie sasa ni akina nani waliolijibu neno hili. Wengi wa waliolijibu kwa ushujaa walikuwa ni wale wale walioangukiwa nalo. Frederick Douglass, aliyezaliwa mtumwa akatoroka, alichapisha habari za maisha yake mwaka 1845. Humo alisema ya kwamba watumwa wengi wamezaliwa na mabwana zao wazungu. Basi ikiwa ni uzao wa Hamu peke yake wapaswao kuwa watumwa, utumwa wa Marekani hauna tena hoja katika Maandiko. Naye kasisi Alexander Crummell, Mmarekani mweusi aliyesoma Cambridge na kwenda kufanya kazi ya Injili Liberia, alitoa kitabu mwaka 1862, na ndani yake alilichungua andiko letu hili, akaonyesha ya kwamba laana ni ya Kanaani wala haihusu watu weusi. Watu hawa hawakuitupa Biblia kwa kuwa iligeuzwa silaha juu yao. Waliisoma kwa bidii kuliko wale walioishika silaha.

Huku kwetu nako neno hili lilifika. Msafiri Mwingereza John Hanning Speke alikaa Karagwe kwa Mfalme Rumanika mwishoni mwa mwaka 1861. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1863 asimulia jinsi alivyofungua Biblia kumweleza mfalme asili ya Wahima, akianzia na Adamu. Katika kitabu kile kile aliandika ya kwamba watu weusi wako chini ya laana ya Nuhu. Lakini watawala wenye ng'ombe aliwaona kuwa watu wa asili nyingine, waliotoka Ethiopia. Baadaye wataalamu wa Ulaya walilishika wazo hilo wakaligeuza. Wakasema "Wahamu" si waliolaaniwa, bali ni taifa bora lililoleta mambo yote mema ya Afrika. Profesa Seligman wa London aliandika hivyo mwaka 1930.

Ndugu zetu, angalieni ajabu hii. Jina ni lile lile la Hamu. Palipotakiwa watumwa, Hamu alikuwa aliyelaaniwa. Palipotakiwa watu wa kutawala kwa niaba ya wageni, Hamu akawa mtukufu. Mistari ya Mwanzo haikubadilika hata herufi moja. Kilichobadilika ni haja ya msomaji. Hapa ndipo mtu atambuapo fasiri isiyo ya kweli: huenda ilikotumwa.

Wala haikuwa maneno matupu. Katika Rwanda na Burundi Watutsi walifundishwa ya kwamba wao ni Wahamu waliozaliwa kutawala, na Wahutu wakafundishwa ya kwamba wao ni duni. Miaka ya 1930 serikali ya Wabelgiji iliandika kabila la kila mtu katika cheti chake. Mambo yalipogeuka, wale walioitwa Wahamu wakaitwa wageni. Mwaka 1992 mwanasiasa mmoja alihutubia mkutano huko Kabaya, akasema watarudishwa Ethiopia kwa njia ya mto. Mwaka 1994 mamia ya maelfu ya watu waliuawa Rwanda, wengine ndani ya makanisa walimokimbilia, kama Ntarama na Nyamata, na miili mingi ilitupwa mitoni. Hatusemi ya kwamba damu ile ilimwagwa kwa ajili ya fasiri moja tu. Tamaa ya utawala, vita na hofu vilikuwamo. Lakini jina lililotolewa katika Kitabu kitakatifu lilikuwamo pia. Basi mtu asituambie ya kwamba kusoma vibaya ni kosa dogo la darasani.

Jibu la Maandiko

Andiko hufasiriwa kwa andiko. Tukitaka kujua kama Mungu aliwakataa wana wa Hamu, na tuwafuate wana hao katika Biblia nzima, tuone jinsi Mungu alivyowatendea.

Musa alikuwa na mke Mkushi. Miriamu na Haruni wakamnung'unikia kwa ajili yake. Mungu hakumlaumu yule mwanamke wala mumewe. Hasira yake iliwaka juu ya walionung'unika, na Miriamu akapigwa ukoma, mwili wake ukawa mweupe kama theluji. Nabii Yeremia alipotupwa katika shimo la matope afe, waliomtupa ni wakuu wa Yerusalemu wenyewe. Aliyekwenda kwa mfalme kumwombea ni Ebedmeleki, Mkushi, naye akamtoa kwa kamba, akampa na matambara ya kuweka kwapani ili kamba zisimwumize. Mungu akampelekea neno ya kwamba atamwokoa kwa kuwa alimtumaini. Nabii Isaya, katika sura ya 19, ahubiri siku ambayo Misri, mwana wa Hamu, ataitwa na Mungu watu wake, akibarikiwa pamoja na Ashuru na Israeli.

Lakini tusiishie hapo. Mtu aweza kusema, Vema, sisi si Kanaani, basi na alaaniwe Kanaani. Huko ni kuihamisha fimbo kutoka mgongo wetu kwenda mgongo wa jirani, na fimbo ingali ni ile ile. Mathayo, katika sura yake ya kwanza, aandika ukoo wa Bwana wetu, na ndani yake yumo Rahabu. Rahabu alikuwa mwanamke wa Yeriko, mji wa Kanaani. Damu ya Kanaani imo katika ukoo wa Masihi. Tena katika sura ya 15 ya Injili hiyo hiyo, mwanamke Mkanaani amlilia Yesu kwa ajili ya binti yake. Wanafunzi wataka aondoshwe. Mwisho wa maneno, Bwana aisifu imani yake kuwa kubwa, na binti akapona saa ile. Naye Paulo awaambia Wagalatia ya kwamba Kristo alifanywa laana kwa ajili yetu ili baraka iwafikie mataifa. Laana ya Nuhu ilikwisha kupata pa kuangukia, nayo ni msalaba. Amtafutiaye mtu mwingine wa kuibeba alifanya bure kazi ya Kristo.

Namna ya kusoma katika Kanisa

Sasa twauliza, Kanisa huepukaje makosa kama haya? Yako mafundisho mawili katika Matendo ya Mitume, na yote mawili yatufaa.

La kwanza ni katika sura ya 8. Towashi wa Kushi, mtu mkubwa wa malkia Kandake, arudi kutoka Yerusalemu akisoma Isaya garini mwake. Filipo amwuliza kama aelewa asomayo, naye ajibu ya kwamba hawezi pasipo mtu wa kumwongoza. Alikuwa tajiri na mwenye elimu, na kitabu alikuwa nacho mkononi, lakini hakuona haya kusema hivyo. Naye Filipo hakumkalisha chini ya gari amhubiri. Alipanda, akaketi pamoja naye, akaanzia katika lile andiko alilokuwa akisoma. Wala hakumtajia laana yoyote. Walipofika penye maji, mwana huyu wa Kushi akabatizwa, akaenda zake akifurahi.

La pili ni katika sura ya 15. Neno kubwa lilizuka, kama watu wa mataifa wapaswa kutahiriwa kabla ya kuhesabiwa kuwa wameokoka. Hakuna mtume mmoja aliyekata shauri peke yake. Mitume na wazee walikusanyika Yerusalemu. Wakahojiana sana. Petro akasimulia aliyoyaona, Barnaba na Paulo wakasimulia Mungu aliyoyatenda katikati ya mataifa, mkutano wote ukanyamaza kuwasikiliza. Ndipo Yakobo akaleta neno la manabii, akalilinganisha na habari walizozisikia. Kisha wakaandika waraka, wakaupeleka kwa mikono ya watu waaminifu, na humo wakataja Roho Mtakatifu kwanza, ndipo wakajitaja wenyewe. Kidole kimoja hakivunji chawa. Hata kitabu cha Mwanzo tukisomacho, Daktari Krapf alipoanza kukifasiri kwa Kiswahili huko Mombasa mwaka 1844 hakufanya peke yake. Alisaidiwa na mwenyeji mwenye elimu, kadhi wa mji.

Kusoma pamoja hakuondoi makosa yote. Mkutano mzima nao waweza kukosa, kama wote waliomo wavuta ngozi upande mmoja. Wabaptisti wa majimbo ya kusini ya Marekani walijitenga na wenzao mwaka 1845 kwa kuwa walitaka mwenye watumwa aweze kutumwa kuwa mmisionari. Walikuwa wengi, wacha Mungu, wasomaji wa Biblia. Lakini hawakuwasikiliza wale waliokuwa chini ya kongwa. Mwaka 1995, katika mkutano wao wa Atlanta, miaka 150 baadaye, walitubu hadharani kwa ajili ya utumwa na ubaguzi. Mwaka 2018, walipokutana Dallas, walilikana kwa jina fundisho la laana ya Hamu. Twawashukuru kwa toba hiyo, maana si jambo jepesi watu kuwakana baba zao katika neno baya. Lakini tujifunze pia ya kwamba kama yule aumizwaye na fasiri hayumo barazani, baraza bado halijatimia.

Pwani yetu ina ushahidi wake. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na mwaka ule ule, siku ya Noeli, jiwe la msingi la kanisa la Mkunazini liliwekwa mahali pale pale. Katika waliolelewa na misheni ile alikuwamo Cecil Majaliwa, Myao aliyekuwa mtumwa akingali mtoto. Mwaka 1890 aliwekewa mikono kuwa kasisi, akaihubiri Injili katika nchi ya Wayao. Aliyehesabiwa kuwa bidhaa akawa mfasiri wa Neno.

Neno kwa nyumba zetu

Mtasema, Mambo haya yalikwisha pita. La, hayajapita, yamebadili nguo. Siku hizi wako wahubiri wamwambiao mwanamke asiyepata mtoto, au baba asiyefanikiwa katika kazi, ya kwamba yumo katika laana ya ukoo, ya kwamba babu yake alifanya neno, na ya kwamba laana haitamtoka mpaka aombewe kwa sadaka ya kiasi fulani. Nyumba zimegawanyika kwa ajili hiyo. Mjukuu amchukia bibi yake, na ng'ombe au shamba limeuzwa. Ni fasiri ile ile ya Nuhu, imeingia kwa mlango mwingine. Nabii Ezekieli, sura ya 18, aliwakataza Israeli kusema ya kwamba meno ya watoto yatiwa ganzi kwa zabibu mbichi walizozila baba zao. Naye Bwana wetu alipoulizwa juu ya kipofu tangu kuzaliwa, kama alikosa yeye au wazazi wake, alijibu ya kwamba si yeye wala wazazi wake.

Basi twawapa waalimu na wazazi maulizo matano ya kuyashika, andiko lolote gumu litokeapo. Kwanza, tumeisoma habari nzima, au tumeokota mstari mmoja? Pili, ni nani asemaye hapa: ni Mungu, au ni mtu ambaye maneno yake yameandikwa ili tuyapime? Tatu, fasiri hii yapatana na Maandiko mengine, na zaidi ya yote na Kristo mwenyewe? Nne, ni nani apataye faida kwa fasiri hii, na ni nani aangukiwaye nayo? Huyo wa pili naye ameketi pamoja nasi, akasikilizwa? Tano, tumewauliza wenzetu, na wale waliotutangulia, au twajitegemea wenyewe?

Maulizo haya hayahitaji chuo kikuu. Mama asiyejua kusoma aweza kuyauliza akimsikiliza mwanawe asomaye kando ya taa. Tena mara nyingi ulizo la nne mama hulijua kuliko mwalimu.

Twawashauri mwezi huu kila nyumba isome habari hizi jioni baada ya chakula, moja kila mara: Mwanzo sura ya 9 na ya 10 pamoja, Hesabu 12, Yeremia 38, Isaya 19 tangu mstari wa 18, Mathayo 15 tangu mstari wa 21, na Matendo 8 tangu mstari wa 26. Mwacheni mtoto mkubwa asome, na mdogo aulize kwanza. Msiharakishe kujibu. Neno likiwashinda, mleteeni mwalimu wenu siku ya Jumapili. Naye likimshinda, asione haya kuwapelekea wenzake katika mkutano wa waalimu.

Na yule kijana aliyeuliza kama amelaaniwa, mwambieni hivi: Nuhu hakukutaja. Mungu alikubariki katika baba yako Nuhu baada ya gharika, akakuita tena kwa jina lako katika ubatizo. Mtu akikuambia neno jingine, mwombe akuonyeshe mstari, kisha msome wote wawili mpaka mwisho wa sura.

Neema ya Bwana na iwe pamoja nanyi nyote.